Pembeni mwa Mstari wa Saba

Kitabu kikifunguliwa, kisomwe mpaka pembeni. Kanuni hiyo karani wa parokia yetu aliishika kwa miaka thelathini na mmoja. Aliivunja mara moja tu, Jumamosi saa nne asubuhi, mbele ya watu tisa, nami nilikuwa mmoja wa hao tisa.

Asiyeijua kazi hiyo atauliza pembeni kuna nini. Kitabu cha ubatizo kina mistari, na kila mstari ni mtu: jina lake, wazazi wake, msimamizi wake, tarehe, na padri aliyemmwagia maji. Upande wa kulia wa ukurasa huachwa nafasi nyembamba, na humo huandikwa yanayompata mtu huyo baadaye, kama kipaimara, ndoa au utawa. Kijana huja amevaa suruali iliyopigwa pasi, anaomba cheti ili aoe. Mstari wake ni msafi kama kitambaa cha altare. Kumbe pembeni, kwa wino mwembamba, imeandikwa kwamba alikwisha kufunga ndoa miaka sita iliyopita katika parokia nyingine. Karani mvivu husoma mstari, hugonga muhuri, na kesho yake kanisa linaozesha mume wa mtu.

Karani wetu hakuwa mvivu. Watu walimwita Mama Muhuri, kwanza nyuma ya mgongo wake, baadaye machoni pake, na hakulikataa jina hilo. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja kando ya sakristia, chenye dirisha la nondo, meza, kabati la chuma na viti viwili. Kiti cha mgeni kilikuwa na mguu mfupi. Fundi seremala, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, alijitolea mara mbili kukitengeneza, na Mama Muhuri akakataa. "Mwongo akikaa pale hutikisika," alisema. "Wewe niachie kiti changu."

Kazi ile aliirithi kwa baba yake, aliyekuwa katekista na karani kabla yake, mtu wa mwandiko mzuri ajabu. Ndiye aliyemfundisha kanuni: mstari bila pembeni ni nusu ya uongo. Na habari ya baba huyo sote tuliijua, maana Mama Muhuri hakuchoka kuisimulia. Akiwa kijana wa miaka kumi na miwili alisikia kengele ya misheni kutoka ng'ambo ya vilima, akatembea siku mbili peke yake, akapiga magoti mlangoni akaomba ubatizo. "Baba yangu hakuitwa na mtu," alikuwa akisema. "Aliitwa na Mungu. Siyo hawa wenu wanaoitwa na matokeo ya mtihani."

Hawa wenu walikuwa wazazi. Shule ya parokia ilikuwa imeongoza mitihani miaka mitatu mfululizo, na nafasi za darasa la kwanza zilikuwa hamsini tu. Kamati ikatoa tamko la muda kwamba wenye cheti cha ubatizo watatangulizwa. Tangu wiki hiyo foleni ya ofisi ya karani ikawa ndefu kuliko ya kitubio cha Pasaka. Watu ambao hatukuwaona kanisani tangu wavae nguo nyeupe za Komunyo ya Kwanza walirudi wameshika watoto mikono. Mama Muhuri aliwatazama mmoja mmoja kama askari wa mpakani.

Baba mmoja alileta cheti kutoka parokia ya mbali. Mama Muhuri alikiinua dirishani, akakigeuza, akakinusa.

"Padri huyu ndiye aliyembatiza mwanao?"

"Ndiye mwenyewe, Mama. Mtu wa Mungu kweli."

"Kweli kabisa. Maana mwaka huo alikuwa na miaka minne kaburini. Twende tukamwambie Askofu, atangazwe mtakatifu."

Mwingine aliambiwa asali Baba Yetu. Akaanza vizuri, akafika mbinguni, akameza mate. "Na mengine kama hayo, Mama," akasema.

Tulicheka tuliposimuliwa, na hatukuwa na sababu ya kumlaumu. Imani si tikiti ya kuingilia. Mtu anayemleta mtoto kwenye maji matakatifu ili apate dawati anamwongopea Mungu na mtoto kwa pamoja. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na sehemu kubwa ya hayo naiamini bado. Ila shaka ni kama chumvi: ikizidi, hata chakula kizima hakiliki. Mama Muhuri alifika mahali ambapo hakuona tena watu, aliona hila zilizovaa nguo.

Ndipo alipokuja fundi wa sare.

Fundi wa sare alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye kibanda cha cherehani mkabala na geti la shule. Sketi zote za bluu na mashati yote meupe ya watoto wetu yalipita chini ya sindano yake. Alibatizwa utotoni katika parokia yetu, akaacha kusali baada ya kumzaa binti yake bila ndoa, kwa sababu wanawake fulani wa kwaya walimwachia benchi zima akae peke yake. Binti alikuwa na miaka sita. Alijifunzia herufi kwenye vitambaa, kwa chaki ya mama yake, na hakuna kipande kilichokuwa chini ya cherehani ambacho hakuwa amekiandika. Shule nyingine ya karibu ilikuwa na watoto mia moja na kumi kwa mwalimu mmoja.

Alikuja na utepe wa kupimia bado uko shingoni. Akakaa kwenye kiti kibovu. Hakutikisika.

Mama Muhuri alimwuliza swali lile lile ambalo padri huuliza mlangoni mwa kanisa kabla ya ubatizo, swali ambalo jibu lake kila mtu hulijua, maana limechapishwa kitabuni. "Unaomba nini kwa Kanisa la Mungu kwa ajili ya mtoto huyu?"

"Nafasi ya darasa la kwanza," akasema fundi.

"Sikukuuliza shule. Nimekuuliza unaomba nini kwa Kanisa."

"Nimekusikia, Mama. Wenzangu huko nje wamekariri jibu, nami ningeweza kukariri. Lakini mbele ya Mungu nisiseme uongo. Nataka mwanangu asome. Hayo mengine atayakuta humo humo, na nikiona anayapenda nitamfuata nyuma yake."

"Kwa hiyo Mungu awe msindikizaji wa mwanao mpaka dawatini?"

"Mama Muhuri, si amesindikiza wengi?"

Karani akaandika kwenye daftari lake: *Haja si imani. Iahirishwe.* Baba Paroko, padri kijana aliyemwogopa karani wake kuliko alivyomwogopa Askofu, akaweka sahihi chini yake. Cha kushangaza, na nilikiona kwa macho yangu katika daftari hilo baadaye, wazazi kumi na wanne waliojibu "imani" kwa ufasaha walipitishwa. Aliyeahirishwa ni mmoja tu, aliyesema kweli.

Jambo hilo lilimfikia mwalimu mstaafu, mjumbe mwenzetu, mzee mkaidi aliyefundisha hesabu pale kwa miaka ishirini na minane. Alidai mkutano wa kamati. Tamko lile la muda, akasema, ama tulifanye kanuni ama tulifute, lakini lisiendelee kuishi kama paka wa jirani.

Wiki moja kabla ya mkutano, ofisi ya jimbo ilirudisha sanduku. Ndani mlikuwa na kitabu cha kwanza kabisa cha ubatizo wa parokia, kilichochukuliwa zamani kwa ajili ya kuhifadhiwa na sasa kimeshonwa upya. Miaka yote hiyo sisi tulitumia nakala yake. Mwenyekiti alifurahi. "Basi ugomvi umekwisha," akatuambia. "Mama Muhuri atuletee kitabu, atusomee shule hii ilianzaje na ilianzishwa kwa ajili ya nani. Wazee wenyewe watatuamulia."

Jumamosi ile tulikutana darasa la nne, tukikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa mbao. Mama Muhuri aliingia na kitabu kimefungwa kitambaa cheupe. Nilidhani ameugua. Midomo ilikuwa imekauka.

Mwalimu alianza. "Shule si kiti cha kitubio. Mtoto wa miaka sita mnamwuliza dhamira? Mimi mwenyewe nilipoletwa shule nilimfuata mbuzi, mbuzi akaingia uwanjani, nikakamatwa nikaandikishwa."

"Ndiyo maana hesabu zako zina mapembe," mama mmoja wa kwaya, naye mjumbe, akasema, na watu wakacheka.

"Cheka, mwanangu. Lakini niambie, sisi tunaogopa nini?"

"Tunaogopa kuchezewa, Mwalimu. Wanatubatiza sisi, si sisi tunaowabatiza wao. Wakipata cheti cha darasa la saba, hutawaona tena hata Krismasi."

"Na wa kwenu wanaoimba kwaya, baada ya shule mnawaona?"

Wana wawili wa mama yule wa kwaya walikuwa hawajakanyaga kanisani tangu wahamie mjini. Mwenyekiti akagonga dawati. "Tusichokonoane majumbani. Mama Muhuri, soma."

Alifungua kitabu. Nilikuwa nimekaa jirani naye nikiandika muhtasari, hivyo niliona karatasi yenyewe, ya manjano, yenye madoa. Akasoma kwa sauti ile yake ya ofisini: kwamba siku moja, katika mwaka wa pili wa misheni, walibatizwa vijana kumi na tisa, na kesho yake hao hao wakawa darasa la kwanza la shule. Akasoma majina, mmoja baada ya mwingine. Alipofika mstari wa saba alisoma jina la baba yake, na sauti haikutikisika.

"Kwa hiyo walibatizwa kwanza, ndipo wakasoma," mwenyekiti akasema.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na pembeni?" Mwalimu akauliza.

Mama Muhuri alikuwa ameweka kiganja juu ya ukingo wa kulia wa ukurasa, kama mtu anayezuia karatasi isipeperushwe. Hakukuwa na upepo. "Pembeni kuna unyevu tu," akasema, akakifunga kitabu.

Tulipiga kura. Tamko likawa kanuni, sita kwa watatu. Mimi nilikuwa katika wale sita.

Nyani haoni kundule, lakini nyani wenzake huliona. Tukitoka, Mwalimu alinishika mkono karibu na bomba la maji. "Umeona?"

"Nimeona nini?"

"Yule mama amesoma pembeni za watu miaka thelathini. Amevunja posa ngapi kwa pembeni? Leo ameulizwa pembeni, akataja unyevu."

Nilimwambia aache kumtilia shaka mtu mwadilifu. Lakini neno likikwisha kuingia sikioni halitoki kwa kukung'uta. Kile kiganja nilikiona hata nikiwa nasali.

Mwalimu alikwenda ofisini kuomba akione kitabu. Mara ya kwanza aliambiwa kufuli la kabati limegoma. Mara ya pili, kitabu kimeanikwa. Mara ya tatu, Mama Muhuri alimwuliza yeye ni ndugu wa mbatizwa yupi. "Mimi si ndugu wa mtu humo," Mwalimu akajibu. "Nimekuja tu kuuangalia huo unyevu, nijue unasomekaje." Mama Muhuri, mwenye kushuku, sasa akawa mwenye kushukiwa, na ilionekana hakujua jinsi ya kukalia kiti hicho. Alianza kukosea tarehe. Siku moja aligonga muhuri juu chini.

Wakati huo huo shule ilifunguliwa. Fundi wa sare alishona sketi arobaini na moja msimu ule, na ya arobaini na mbili, ndogo kuliko zote, aliifumua akarudisha kitambaa kwenye robota. Kisha akampeleka binti yake mji mwingine, kwa dada yake mkubwa, ambako kulikuwa na shule nzuri isiyouliza swali la mlangoni. Safari ya siku nzima. Nilimwona asubuhi ile amesimama nje ya kibanda, utepe shingoni, mikono haina kazi.

Mama Muhuri naye alimwona, maana dirisha lake la nondo linatazama kibanda kile. Haya mengine aliniambia yeye mwenyewe, siku aliponiita kuniomba nafasi katika ajenda. Alisema alikwenda kwa Baba Paroko, akamweleza yote, na yule padri kijana aliyekuwa akimwogopa hakumwogopa siku hiyo. Alimpa neno moja tu: "Kamalizie kusoma."

Kila mkutano wa kamati huanza na masahihisho ya muhtasari uliopita. Kwa kawaida ni mtu kulalamika kwamba aliandikwa hayupo na alikuwepo. Mkutano uliofuata, miezi mitatu baadaye, mwenyekiti aliuliza kama kuna masahihisho, na Mama Muhuri akasimama. Kitabu kilikuwa tayari kimefunguliwa.

"Mkutano uliopita nilisoma mistari kumi na tisa," akasema. "Sikusoma pembeni. Hakuna unyevu."

Akasoma. Padri wa kwanza, kwa mwandiko uliolala kama majani yaliyokanyagwa, alikuwa ameandika pembeni mwa ukurasa: *Hawa wote wamekuja kwa ajili ya kusoma. Nimewabatiza. Mengine Mungu atawafundisha mwenyewe.* Kisha, kwa mshale mdogo kuelekea mstari wa saba: *Huyu nilimwuliza anaomba nini kwa Kanisa la Mungu. Wenzake walijibu imani, kama nilivyowafundisha. Yeye alijibu: kalamu. Nimempa vyote viwili.*

Hakuna aliyecheka. Mama wa kwaya aliinamia dawati.

"Na ile nakala?" Mwalimu akauliza, safari hii kwa upole. "Mbona nakala tuliyokuwa nayo haina maneno hayo?"

Mama Muhuri alivua miwani. "Nakala iliandikwa na baba yangu."

Hapo ndipo nilipoelewa kilichomkausha midomo. Mtu yule aliyemfundisha kwamba mstari bila pembeni ni nusu ya uongo ndiye aliyenakili kurasa zote za kitabu, pembeni zake zote, isipokuwa ukurasa mmoja. Hakukuwa na kengele wala kupiga magoti mlangoni. Kulikuwa na mtoto aliyetaka kalamu, akasema kweli, akakubaliwa. Kisha akawa mtu mzima mwenye heshima akaionea haya kweli yake. Miaka mingi baadaye binti yake akaweka kiganja pale pale.

Sisemi alikuwa katekista wa bandia. Aliwafundisha watu sala kwa miaka arobaini, na alikufa rozari ikiwa mkononi. Padri yule wa kwanza alibahatisha kwa Mungu na hakupoteza. Ila nasema hivi: aliyeingia kwa mlango wa kalamu hana haki ya kuupiga kufuli, wala mwanawe hana. Nasi tuliopiga kura, karibu wote, tulikuwa watoto na wajukuu wa wale kumi na wanane waliobaki. Hakuna aliyejisumbua kuuliza babu yake alijibu imani kwa sababu gani.

"Kwa hiyo tulipiga kura kwa nusu ya ukurasa," mwenyekiti akasema. Tukaifuta kanuni siku hiyo hiyo, bila mtu kupinga. Mama Muhuri aliweka funguo mbili juu ya dawati, ya kabati na ya mlango. Baba Paroko hakuzipokea mara moja. Alimwomba azirudishe mfukoni. Mama Muhuri akasema, "Baba, karani akisoma nusu mara moja, vyeti vyake vyote vinatiliwa shaka. Mimi ningekuwa wewe, nisingemwamini karani huyu." Naye alisema kweli. Tangu wiki ile watu wanane walirudisha vyeti vyao ili vihakikiwe upya. Vyote vilikutwa sahihi.

Jioni ya siku ile ya mkutano Mama Muhuri alivuka barabara hadi kibanda cha fundi wa sare. Nilikuwa pale nikisubiri shati la mwanangu kutiwa vifungo, na natamani nisingekuwepo. Alisimama mlangoni, hakukaa.

"Nilikuahirisha kwa kusema kweli," akasema. "Baba yangu alikubaliwa kwa jibu lako. Nililijua hilo siku ya kura, nikalifunika. Kanuni imefutwa. Mwakani nafasi ya kwanza kabisa ni ya mwanao. Mrudishe."

Fundi alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye mto wake mdogo. Hakupaza sauti.

"Asante kwa kuja, Mama. Nimempigia simu juzi. Alipofika kule alimwita dada yangu mama mkubwa, kama inavyostahili. Sasa anamwita mama, basi. Mimi akinitaja ni 'yule mama wa cherehani.' Nikimng'oa tena, nitakuwa nimemng'oa mara mbili."

"Nifanye nini?"

"Sijui. Wewe ndiye uliyekuwa unauliza maswali."

Mama Muhuri akavuka barabara kurudi alikotoka. Siku hizi anasali benchi la nyuma, peke yake, na ofisi ina karani mwingine, na kiti cha mgeni kimetengenezwa. Pembeni mwa mstari wa saba palikuwa na maneno machache, ya kusomwa kwa pumzi mbili. Hayakusomwa kwa miezi mitatu, na kwa sababu hiyo mtoto wa miaka sita aliondoka nyumbani kwa mama yake, na hajarudi.